Somo: Kumfundisha muziki mwanafunzi mwenye ulemavu, hatua kwa hatua

"Nimeletewa mwanafunzi asiyeona, nianzie wapi?" Nimelijibu swali hili hadi nimechoka, kwa hiyo naweka yote mahali pamoja. Msimamo wangu ni huu: tunabadilisha njia, hatupunguzi muziki. Ukimpa manyanga ya kutikisa pembeni wakati wenzake wanajifunza wimbo mzima, hujamfundisha.

Hatua ya 1. Muulize mwenyewe anataka kupiga nini. Si mzazi wake, si anayemsindikiza.

Hatua ya 2. Kabla hajafika, kagua ngazi, upana wa mlango, choo, na kama kiti cha magurudumu kinaingia chini ya piano.

Hatua ya 3. Chagueni ala pamoja, naye akiishika na kuijaribu. Usimkatalie kwa kumtazama tu.

Hatua ya 4. Nota kwa asiyeona. Hapa ndipo nilipoharibu zamani, kwa hiyo someni polepole. Kosa lenyewe ni kumfundisha kwa sikio peke yake. Mwanzoni anakwenda mbio, mnafurahi wote, kisha anafika kwenye kipande chenye sauti nne zinazopishana na hana pa kushika. Nota za nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, zipo tangu zamani: Louis Braille mwenyewe alikuwa mpiga kinanda wa kanisani, na kitabu chake cha 1829 kilieleza maandishi ya maneno na ya muziki pamoja. Alama ya herufi d ndiyo Do, e ni Re, hivyo hivyo hadi j ambayo ni Si. Kila alama ina nafasi sita za nukta; ya 3 (chini kushoto) na ya 6 (chini kulia) huonyesha urefu wa nota: zisipokuwepo ni nusu pigo, ikiongezwa ya 6 ni pigo moja, ikiongezwa ya 3 ni mapigo mawili, zikiwepo zote mbili ni manne.

Tahadhari. Vidole vinavyosoma haviwezi kupiga wakati huohuo. Mpiga piano husoma kwa mkono mmoja huku akipiga kwa mwingine, hubadilisha, hukariri, ndipo huunganisha. Mpe nota mapema kuliko wenzake, na usimpime kwa kusoma papo hapo kama wanaoona. Jingine: programu za kuandika nota kama MuseScore hutoa nukta nundu, lakini usimkabidhi kabla msomaji wa nukta nundu hajazikagua. Alama ya nota ya mapigo manne ndiyo hiyohiyo ya robo pigo; msomaji huzitofautisha kwa mpangilio. Mpangilio ukivurugika, mwanafunzi anapotea na hajui kwa nini.

Hatua ya 5. Kiziwi. Anza na sauti nzito, sakafu ya mbao, kiganja kwenye mwili wa ala. Uso wako uwe kwenye mwanga, usimame mbele yake, na usiongee huku unapiga. Vifaa vya kusaidia kusikia kwa kawaida hutengenezwa kwa ajili ya mazungumzo na huzibana sauti kubwa, hivyo mshauri mwanafunzi amuulize mtaalamu wake kuhusu kuvirekebisha kwa ajili ya muziki. Evelyn Glennie, mpiga ngoma wa Scotland, alikuwa kiziwi kwa kiwango kikubwa kufikia umri wa miaka 12, na hupiga bila viatu ili ahisi mtetemo.

Hatua ya 6. Mwenye usonji (autism): mweleze ratiba ya kipindi kabla hakijaanza, na awe na mahali tulivu pa kutokea bila kuomba ruhusa.

Hatua ya 7. Mtihani au onyesho: omba muda wa ziada mapema, kwa maandishi.

MASWALI

Pembe4: Mkuu sijasoma yote. Kwa kifupi, kiziwi anaweza muziki?

Mwandishi: Hatua ya 5.

MwalimuWaJioni: Nukta nundu ni kupoteza muda. Kijana wangu nikimpigia mara mbili ameshashika.

Mwandishi: Sikio lake silipingi. Lakini wanafunzi wako wanaoona, wakiwa na sikio kali, unawanyang'anya kitabu? Akikusikiliza wewe anapata ulivyopiga wewe, pamoja na makosa yako. Akisoma, anapata alichoandika mtunzi, na siku haupo anajifunza mwenyewe.

MwalimuWaJioni: Mimi sijui nukta nundu.

Mwandishi: Wala si lazima uanze kwa kuzijua zote. Jifunze zile saba nilizotaja, mbele yake, naye akusahihishe.

BintiWaPiano: Shikamoo mwalimu. Nina binti asiye na mkono wa kulia. Anataka piano, baba yake anasema aimbe tu. Kuna kazi za mkono mmoja kweli?

Mwandishi: Marahaba, na asante kwa kuuliza. Zipo, tena kubwa. Mpiga piano Paul Wittgenstein alipoteza mkono wa kulia katika Vita ya Kwanza ya Dunia, akaagiza kazi kwa watunzi, na mtunzi Ravel akamwandikia konseto (kazi ya piano na okestra) ya mkono wa kushoto. Siri iko kwenye pedali, kile kikanyagio cha mguu: mkono unagonga besi, pedali inaishikilia, mkono unaruka juu kuchukua melodi. Mfundishe pedali tangu mwanzo, usiiache iwe pambo la baadaye. Akitaka ala ya pili, honi ya Kifaransa, ala ya kupuliza, hubonyezwa kwa mkono wa kushoto. Felix Klieser alizaliwa bila mikono na huipiga kwa vidole vya mguu, honi ikiwa juu ya stendi.

BintiWaPiano: Baba yake nitamsomea hili.

Mrudufishaji: Mwenye uoni hafifu nimkuzie nota kutoka A4 kwenda A3, inatosha?

Mwandishi: Mara nyingi haitoshi. Karatasi inajikunja kwenye stendi na macho yanasafiri mbali. Ziandike upya kwenye programu: mistari minene, vipimo (bar) vichache kwa kila mstari, karatasi isiyong'aa. Mwonyeshe saizi mbili tatu achague.

Mrudufishaji: Na hakimiliki?

Mwandishi: Swali zuri. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu nakala kwa wasioona na wenye uoni hafifu, unahusu pia nota, si maandishi peke yake. Angalia kama nchi yako imejiunga na sheria yake inasemaje.

Kidole_Gumba: Nyongeza: mimi hubandika vinundu kwenye kila kitufe cha piano.

Mwandishi: Punguza. Vitufe vyeusi vimepangwa viwili na vitatu, kidole kinajua kilipo. Kinundu kimoja kwenye Do ya katikati kinatosha, na akishaizoea kibandue.