Kulinda kidhibiti cha pampu kilichounganishwa na intaneti mahali ambapo umeme hukatika

Mkulima wa zabibu mwenye shamba Hombolo au Mpunguzi anaweza siku hizi kufungua maji ya matone akiwa ofisini Dodoma mjini, mradi shambani pawe na kisanduku chenye ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja), modemu yenye laini ya simu, na swichi ya kuwashia pampu. Katika mkoa ambao mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili, kisima ndicho tegemeo la miezi iliyobaki, kwa hiyo mtu asiyehusika akiiwasha pampu hiyo usiku kucha, kisima kinaweza kuishiwa maji na mota ikaungua kwa kuzunguka kavu. Mwongozo huu unamhusu anayeunda au anayefunga visanduku vya namna hiyo, na unakaa zaidi kwenye kosa ambalo maelekezo mengi hayaligusi, yaani kinachoupata usimbaji fiche, yaani kuuficha ujumbe kwa ufunguo wa siri, pale umeme unapokatika na kurudi.

Nenosiri la kiwandani libadilishwe kabla kifaa hakijatoka mezani. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na ruta kwa kujaribu tu orodha ya majina na manenosiri ya kiwandani yapatayo 60, na vifaa hivyo vikatumika mwezi Oktoba kuishambulia Dyn, kampuni iliyoelekeza majina ya tovuti kwenye seva zake, hadi tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Mirai ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda pekee, hivyo kuzima na kuwasha kifaa kuliifuta, lakini kama nenosiri lilibaki lilelile kifaa kilitekwa tena baada ya dakika chache.

Mawasiliano kati ya kisanduku na seva yapitie TLS, utaratibu wa usimbaji unaolinda pia tovuti za https. Kwa anayetumia MQTT, itifaki nyepesi ya kutumiana ujumbe kati ya vifaa, maana yake ni kuacha mlango namba 1883, ambao kwa kawaida hupitisha ujumbe ukiwa wazi, na kutumia 8883. Kisanduku kikague cheti cha seva, yaani hati ya kidijitali inayoitambulisha, kwa sababu usimbaji bila ukaguzi huo ni sawa na kunong'ona siri gizani bila kujua sikio ni la nani. Hapa ndipo tatizo la umeme linapoanza. ESP32 isiyo na saa ya pembeni huamka ikidhani ni tarehe 1 Januari 1970, inakitazama cheti, inakuta muda wake wa kuanza kutumika haujafika, na inakataa kuunganika. Nakiri kwamba niliwahi kuuzima ukaguzi huo usiku mmoja ili pampu ifanye kazi, nikasahau kuurudisha kwa wiki nzima. Dawa yake ni kufunga saa ndogo ya DS3231 yenye betri ya kitufe. Ukitegemea kuuliza saa mtandaoni kwa NTP, kumbuka kwamba majibu yake kwa kawaida hayana uthibitisho. Basi hifadhi tarehe ya mwisho unayoiamini kwenye kumbukumbu ya kudumu, na ukatae tarehe yoyote iliyo nyuma yake.

Tatizo la pili ni baya zaidi kwa kuwa halitoi dalili. Vipima unyevu wa udongo, na mara nyingine vali za mbali, huwasiliana na kisanduku kwa redio bila TLS, na mafundi wengi husimba ujumbe huo wenyewe kwa ChaCha20-Poly1305 au AES-GCM. Njia zote mbili ni imara, ila zina sharti moja: kila ujumbe uwe na namba yake ambayo haitumiki tena chini ya ufunguo uleule. Fundi huanzisha hesabu kwenye sifuri na kuiongeza kila ujumbe. Umeme unakatika, hesabu inarudi sifuri, na ujumbe wa leo unasimbwa kwa mkondo uleule wa biti za siri uliosimba ule wa jana. Anayenasa jumbe zote mbili akazilinganisha, kisha akajua kwamba mmoja ulisema FUNGA, anausoma wa pili bila kuugusa ufunguo, na hata alama inayothibitisha kwamba ujumbe haujabadilishwa inaweza kughushiwa.

Kwa hiyo hesabu ihifadhiwe, lakini si kila mara. Sekta ya kumbukumbu ya flashi huvumilia kufutwa mara 100,000 hivi. Ukiiandika upya kila dakika, itafikia kikomo hicho kwa siku kama 69. Andika kwa kuruka: hifadhi 1,000, tumia namba hadi 999, kisha hifadhi 2,000 kabla ya kuendelea. Umeme ukikatika katikati, hifadhi kwanza namba iliyo mbele kwa 1,000, kisha anza kutoka ile uliyoikuta imehifadhiwa, na zile zilizorukwa zipotee tu, kwa kuwa namba ni nyingi.

Anayepokea naye akatae namba isiyozidi ile ya mwisho aliyoipokea, la sivyo amri ya FUNGUA iliyorekodiwa Jumatatu itachezwa tena Alhamisi na kutiiwa. Yeye pia hukatikiwa umeme, hivyo kila anapoamka atume namba ya nasibu ambayo amri ya kwanza lazima iirudishe ikiwa imesimbwa. Jenereta ya nasibu ya ESP32 isitumike kabla redio yake ya Wi-Fi au Bluetooth haijawashwa, maana bila hiyo nasibu yake haiaminiki.

Kila kisanduku kiwe na ufunguo wake, kwani kisanduku kilichoibwa nguzoni husomwa kwa waya wa kawaida. Usimbaji wa flashi, pamoja na uanzishaji salama (chipu kukataa programu isiyo na saini sahihi), huzuia usomaji huo, lakini mipangilio yake mingi haitenguliki, hivyo jaribu kwanza kwenye kipande usichokihitaji. Programu mpya zitiwe saini ya kidijitali kwa njia ya Ed25519, na ufunguo wa kusaini usikae kwenye seva inayozisambaza.

Kabla ya kwenda kukifunga shambani, unganisha kisanduku na kompyuta, kisha zima na washa swichi ya ukutani mara 20 kwa vipindi tofauti, mara nyingine katikati ya utumaji, huku ukiandika namba za jumbe zinazotoka. Ukiona namba moja imetokea mara mbili, kirudishe mezani.