Unataka kuandika mapenzi ya ndoa ya kupangwa kwenye kasri la mfalme? Anza na mkataba

Wengi wakiandika stori za namna hii wanaanza na macho. Binti kashuka kwenye gari la farasi, mfalme kamwona, moyo umemlipuka paa, na hapo hapo stori inakufa, maana kama wameshapendana ukurasa wa pili hizo kurasa mia mbili zilizobaki utaandika nini? Mi naona uanze na mkataba. Ndoa ya kifalme kabla haijawa mapenzi ni dili kati ya nchi na nchi, na mapenzi yatakayokuja inabidi yaote humo humo ndani ya dili.

Kwahiyo kabla hujaandika sentensi hata moja chukua karatasi, andika kila upande unapata nini kwenye hii ndoa na utapoteza nini ikivunjika. Mfano mzuri ni mwaka 1662, Catherine wa Braganza alipoolewa na Charles wa Pili wa Uingereza. Ureno, nchi ya Catherine, walitoa miji ya Tangier (Morocco) na Bombay (Mumbai ya leo) na pesa nyingi juu, kwasababu walikuwa wanahitaji Uingereza iwasaidie dhidi ya Hispania. Sasa mfikirie huyo dada. Kafika, mume anataka mchepuko wake, Barbara, awe mmoja wa wanawake wanaomhudumia malkia chumbani kwake, yeye anakataa, mume nae anashikilia hapo hapo na karibu wote waliokuja nae kutoka Ureno wanarudishwa makwao. Ni ugomvi wa mke na mume, ndio, lakini nyuma ya huyu mke kuna nchi nzima inasubiri wanajeshi, hawezi tu kufunga mizigo akarudi kwa mama. Uzito wa namna hiyo huupati kwa kuongeza machozi, unaupata kwenye karatasi yako ya mwanzo.

Na sio lazima mwanamke ndio awe mgeni kila siku. Mary wa Kwanza wa Uingereza aliolewa na Philip wa Hispania mwaka 1554 na mkataba ulisema Philip ataitwa mfalme lakini Mary akifa cheo chake pale kinaisha, na Uingereza haitaburuzwa kwenye vita vya baba wa Philip. Yaani bwana harusi ndio kafika ugenini, watu wanamtazama kwa jicho la wasiwasi, na mke ndio mwenye kiti. Ukigeuza namna hiyo utaona wahusika wako wanaanza kuongea vitu ambavyo hukuvitegemea.

Umri. Hapa niseme wazi, kwenye historia mabibi harusi wengi walikuwa watoto kabisa, Marie Antoinette, binti wa Austria aliyepelekwa kuolewa Ufaransa, alikuwa na miaka 14 tu alipoolewa mwaka 1770. Usiandike mapenzi ya mtoto. Hakuna kinachokulazimisha, Catherine niliyemtaja alikuwa na miaka 23, Anne wa Cleves alikuwa na 24, Mary alikuwa ameshapita 35. Watu wazima wana mengi zaidi ya kupoteza na stori inakuwa tamu zaidi.

Sasa siku ya kwanza kuonana. Hii ndio watu wanaisubiri kwahiyo usiiharakishe, na usiifanye iwe nzuri sana. Henry wa Nane, mfalme wa Uingereza, alimchagua Anne wa Cleves baada ya kuona picha iliyochorwa na mchoraji wake Holbein, alafu siku ya mwaka mpya 1540 akamwendea ghafla kule Rochester akiwa amejibadilisha mavazi, akitegemea binti atamtambua kwa moyo tu kama kwenye mashairi. Anne hakumjua, akamwona mzee mmoja anamsogelea sogelea, akaendelea kuangalia dirishani. Mfalme aliumia pale na haikupona. Ona jinsi kosa lilivyo dogo! Hakuna mbaya kwenye kile chumba, kuna mtu alitegemea kitu na mwenzake hajaambiwa. Kwenye stori yako tafuta kitu kidogo cha namna hiyo, salamu iliyoeleweka vibaya, zawadi iliyofunguliwa na mtu mwingine, kisha waache wakibebe kwa muda mrefu bila kuelezana.

Au nenda upande mwingine. Charlotte wa Mecklenburg-Strelitz, binti wa kifalme wa Kijerumani, alifika London tarehe 8 Septemba 1761, akamwona mfalme George wa Tatu kwa mara ya kwanza siku hiyo na usiku huo huo wakafunga ndoa, Kiingereza hajui. Wakaja kupata watoto 15. Mimi hapo ndio nasimama, maana kati ya ule usiku na maisha yao kuna asubuhi ya pili, na ya tatu, na siku ya kwanza mke kamwambia kitu mume kwa lugha yake na mume kaelewa. Andika hizo asubuhi. Ukiwapa lugha tofauti umejipa zawadi kubwa, maana kila neno jipya analojifunza mmoja ni hatua ya kusogea. Na kwa Kiswahili tuna njia yetu, ya vile wanavyoitana. Waanze na "Mtukufu", wafike "bwana wangu" na "bibi", na jina lenyewe liweke mbali kabisa, siku likitoka mdomoni msomaji ashtuke.

Alafu kuna hii ya faragha, ambayo ndio waandishi wengi wanaikosea na inaniuma kweli. Kwenye kasri hakuna kuwa peke yako. Kuna wa kukuvalisha, wa kukunawisha, wa kulala mlangoni, na kila mmoja ana mtu anayempelekea habari. Marie Antoinette aliozeshwa kwanza kwa wakili kule Vienna, kaka yake akisimama nafasi ya bwana harusi, alafu akakabidhiwa kwa Wafaransa kwenye kisiwa katikati ya mto Rhine, na inasimuliwa kwamba alivuliwa nguo za Austria pale pale. Mtu aliyepitishwa kwenye hilo ukimpa dakika tano tu na mumewe bila macho ya watu, hizo dakika ni dhahabu. Kwahiyo usiwagawie wahusika wako muda wa bure bure. Wafanye wauibe. Mshumaa umezimika, walinzi wanabadilishana zamu, mjakazi mwaminifu anadondosha sinia makusudi nje ya mlango. Huyo mjakazi mpe jina na shida zake, asiwe wa kubeba barua tu.

Mfano mdogo niliouandika mwenyewe:

"Bibi, nina mpaka kengele ilie," alinong'ona Nasra.
"Na ikilia?"
"Nitakohoa. Nikikohoa mara mbili, anaekuja ni mama mkwe."

Tayari unajua nani ni hatari na muda ni kiasi gani, na mume hata hajaingia bado.

Usiku wa harusi uandike kwa heshima. Kasri lote linataka mrithi, presha ni kubwa, na hapo ndio msomaji anaamua kama atampenda huyu mume au la. Mmoja akisema "sio leo" na mwingine akakubali, alafu kesho yake wote wawili wakadanganya wakubwa kwa sauti moja, wameshakuwa timu. Kwangu hiyo inashinda busu lolote.

Mwisho mwisho fungua mlango wa kutokea. Ndoa ya Henry na Anne ilivunjwa Julai 1540, miezi sita tu, Anne akakubali, akapewa majumba na mali na akaitwa dada mpendwa wa mfalme. Yaani kutoka kulikuwezekana, kwahiyo kwenye stori yako mkataba nao uvunjike, vita imeisha, mjumbe kaja na barua kwamba binti yuko huru na jahazi linamsubiri. Mpaka hapo walikuwa wanakaa pamoja kwasababu wameamriwa. Sasa hakuna anayewaamuru. Hiyo sehemu iandike polepole na iweke chumba kile kile waliposainiana, wajumbe wawe wameshatoka, kalamu bado iko mezani, na anayeongea kwanza awe yule aliyekuwa kimya siku ya kwanza.