Kukagua fidla ya urithi yenye jina la Stradivarius

Fundi mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, aliniletea fidla aliyoachiwa na babu yake. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyoandikwa «Antonius Stradivarius Cremonensis», na ukoo ulikuwa umekwisha kugawana bei. Haikuwa ajabu, kwa kuwa fidla ya Antonio Stradivari, fundi maarufu wa Italia aitwaye Stradivarius kwa Kilatini, iitwayo «Lady Blunt», iliyotengenezwa mwaka 1721, iliuzwa mnadani mwaka 2011 kwa dola milioni 15.9.

Anza na karatasi hiyo, lakini usiiamini. Elekeza taa ya simu katika tundu lenye umbo la herufi f, upande wa kushoto, usome mpaka mwisho. Stradivari alifanya kazi Cremona, Italia, hadi alipofariki mwaka 1737. Tangu karne ya 19 viwanda vya Mirecourt nchini Ufaransa na vya Markneukirchen nchini Ujerumani vilibandika jina lake katika fidla za bei nafuu, kuonyesha tu umbo lililoigwa. Yule fundi alipoinamisha fidla yake, chini ya Kilatini yakatokea maneno «Made in Germany». Maneno hayo yalienea baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890, iliyodai bidhaa zitaje nchi zilikotoka.

Kisha pitisha ukucha pembezoni mwa ubao wa juu. Mistari myeusi inayozunguka ukingo, katika kazi ya fundi stadi, ni vipande vyembamba vya mbao vilivyopachikwa. Ikiwa imechorwa kwa rangi tu, safari ya mnadani imekwisha.

Fidla ikivuka hapo, piga picha za mbele, nyuma, ubavuni na za kichwa kilichojikunja, mchana na bila mwako wa kamera, uwatumie wataalamu wa mnada. Wao wanaweza kulinganisha pete za miaka za mti wa ubao wa juu na kumbukumbu za misitu ya Ulaya ili kukadiria umri wa mbao, jambo ambalo jicho letu haliliwezi. Wakati ukisubiri, usiifute kwa pombe, usiitie gundi ya dukani, wala usiiweke karibu na mbabula (jiko la makaa) wakati wa kiangazi, kwani mbao hupasuka.

Andika pia ilivyoingia katika ukoo: nani aliipokea, kutoka kwa nani, mwaka gani. Mnadani, orodha ya wamiliki huongeza thamani, na wazee wanaoikumbuka waulizwe kwanza.