Umepandisha kasi ya intaneti na Wi-Fi bado inakatika? Tazama haya kabla hujamwita fundi

Kifurushi kipya kinaleta kasi mpaka kwenye kisanduku cha ukutani, basi. Kuanzia hapo hadi simu iliyo mkononi mwako ni kazi ya nyumba: kuta, nyaya, na vifaa vya zamani ulivyoviacha vinawaka. Kwa hiyo usikimbilie kununua ruta yenye antena nane, wala usimpigie kelele mtoa huduma, mpaka umeyapitia haya.

Pima kwa waya kwanza. Chomeka laptop kwenye tundu la LAN la ruta, yaani lile la kuunga vifaa vya ndani, zima Wi-Fi ya laptop, pima kasi. Rudia mchana, kisha saa tatu usiku watu wakiwa majumbani. Ukipata ulicholipia, kosa liko ndani kwako. Usipopata, piga simu, na sasa una namba za kuonyesha. Halafu usichanganye vipimo: Mbps 50 ni megabiti 50 kwa sekunde, na megabiti nane ni megabaiti moja. Faili likishuka kwa megabaiti 6 kwa sekunde, hiyo ndiyo hamsini yako, umeshapata haki yako.

Angalia waya wenyewe. Ubavuni uandikwe Cat5e au Cat6. Ndani mna nyuzi nane, na kasi inayozidi Mbps 100 inazihitaji zote nane. Fundi akibana nne tu, au mmoja ukiliwa na hewa ya chumvi, utalipia 200 na kipimo kitagota kwenye 94 hivi kila siku, hakipandi hakishuki. Namba hiyo ukiiona, usitafute mchawi: kata kichwa cha waya, bana kipya. Vichwa vilivyo juu ya paa ndivyo huota kutu ya kijani mapema. Waya wa faiba usiukunje kona. Upinde kwa mviringo usiopungua mdomo wa kikombe cha chai. Taa ya LOS ya kisanduku cha faiba ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, na hapo huna la kufanya isipokuwa kupiga simu.

Mahali pa ruta. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zinafika nusu mita. Ruta nyingi hurusha mawimbi ya aina mbili. Ya 5 GHz yana kasi, lakini ukuta wa namna hiyo huyamaliza, ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi yakiwa yamechoka. Weka ruta juu, katikati ya nyumba, karibu na uwazi wa ngazi. Nyuma ya TV, ndani ya kabati au pembeni ya tangi la maji, hapana. Kirudishio cha mawimbi kiweke nusu ya njia, penye mawimbi bado mazuri. Ukikiweka kwenye chumba kisichoshika, kitarudisha mawimbi yaleyale mabovu, na vile vya bei rahisi hukata kasi nusu. Waya hadi ghorofani ni bora kuliko vyote. Ila Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, ukuta wa nje hautobolewi ovyo. Pitisha dirishani.

Mnaokaa kwenye majumba ya ghorofa ya Michenzani, shida yenu ni Wi-Fi za majirani zinazoingiliana na yenu. Kwenye 2.4 GHz tumieni chaneli (njia ya mawimbi inayochaguliwa kwenye mipangilio ya ruta) 1, 6 au 11 tu, upana wa 20 MHz. Anayechagua 3 akidhani amekwepa, ameziingilia mbili, 1 na 6, kwa mpigo.

Sasa ile iliyowaliza wengi: ruta ya zamani. Fundi anafunga mpya sebuleni, anaondoka. Ya zamani inapelekwa ghorofani, "watoto nao wapate", inaungwa kwa waya na kuachwa vilevile ilivyokuwa. Siku ya kwanza raha. Siku ya pili simu ya mama inafungua WhatsApp, ya baba kwenye mkeka huohuo inaandika imeunganishwa, hakuna intaneti. Wanazima, wanawasha, ya baba inarudi, ya mama inakufa. Mtoa huduma anapima kwake, anasema kila kitu sawa. Na kweli kwake kiko sawa.

Kinachotokea ni hiki. Kifaa kikiingia kwenye mtandao huomba anwani, na ruta ndiyo inayogawa. Kazi hiyo inaitwa DHCP. Nyumba hii ina wagawaji wawili, na simu hushika jibu linalowahi. Iliyojibiwa na ruta mpya inaonyeshwa njia ya nje. Iliyojibiwa na ya zamani inapelekwa kwenye mlango uliozibwa, maana ya zamani haina tena laini. Tena mara nyingi zote mbili zinajiita 192.168.1.1, kama nyumba mbili za mtaa mmoja zenye namba moja. Ndiyo maana ugonjwa unahama simu hadi simu.

Chomoa waya unaoziunganisha. Unga laptop kwenye ya zamani peke yake, ingia kwenye mipangilio. Ipe jina la Wi-Fi na neno la siri kama la ruta mpya, ila chaneli tofauti: mpya ikiwa 1, hii iwe 6. Badilisha anwani yake iwe 192.168.1.2, ingia tena kwa anwani hiyo, na mwisho kabisa zima DHCP. Ukianza na DHCP utajifungia nje. Kisha rudisha waya, LAN ya mpya kwa LAN ya zamani. Tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti kutoka nje, ambalo kwa kawaida lina rangi yake, liache tupu.

Umeme nao. Soma volti kwenye adapta na nyuma ya ruta zilingane. Ruta ya volti 12 ukiipa 9 inaweza kuwaka, kisha ikajizima kazi ikizidi. UPS ndogo (betri ya akiba) ya volti 12 inatosha umeme ukicheza, mradi uvipe ruta na kisanduku cha faiba vyote viwili. Masika radi ikianza, chomoa. Na kile kitundu kidogo cha nyuma ya ruta kinachoingia pini, mwambie kila mtu nyumbani asikiguse: kinafuta mipangilio yote, pamoja na jina na neno la siri la kuingilia kwa mtoa huduma. Yapige picha leo, kabla halijatokea la kutokea.