SOMO: Kache ya kurasa za walioingia kwa Nginx, bila kuvujisha taarifa za watu

Wakuu, swali la jinsi ya kuweka kache (nakala za majibu zinazotumika tena) kwa kurasa za watumiaji walioingia kwenye akaunti, kwa kutumia Nginx (seva ya wavuti inayokaa mbele ya programu yako), nimelijibu faragha mpaka vidole vimechoka. Naliandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Kabla ya yote, tenganisha kurasa zako. Ratiba na matangazo kila aliyeingia anayaona vilevile: hayo ndiyo ya kuweka kwenye kache. Salio, wasifu na ujumbe ni vya mtu mmoja, viache viende kwenye programu.

1. Hakikisha moduli ya `auth_request` ipo (ndiyo huuliza ruhusa kabla ya kutoa ukurasa): `nginx -V 2>&1 | grep auth_request`

2. Tenga eneo la kache (kila jibu lililohifadhiwa lina ufunguo wake; MB 1 hubeba funguo kama 8,000):
`proxy_cache_path /var/cache/nginx keys_zone=pamoja:10m max_size=1g;`

3. Weka mlinzi, yaani anwani ya ndani ya kuuliza programu kama mtu ana ruhusa. Programu imjibu 200 mwenye ruhusa, 401 asiye nayo.
```
location = /mlinzi {
  internal;
  proxy_pass http://programu/kagua;
  proxy_pass_request_body off;
  proxy_set_header Content-Length "";
}
```

4. Washa kache. Mlinzi huulizwa kwanza, hata kama jibu limeshahifadhiwa.
```
location /ratiba/ {
  auth_request /mlinzi;
  proxy_cache pamoja;
  proxy_cache_valid 200 5m;
  add_header X-Kache $upstream_cache_status;
  proxy_pass http://programu;
}
```

5. Kuki. Hapa tulia. Kwa kawaida Nginx haihifadhi jibu lenye `Set-Cookie` (heda, yaani maelezo ya juu ya jibu, inayompa mteja kuki). Nilikuwa nahudumia mfumo wa ada wa shule moja, na programu ilituma kuki kila ukurasa, kwa hiyo X-Kache ikawa MISS tu (jibu halikutoka kwenye kache). Nikaongeza `proxy_ignore_headers Set-Cookie;`, HIT (majibu kutoka kwenye kache) zikaanza, nikaenda kulala. Asubuhi mzazi akapiga simu: ameingia kwa namba yake, anaona jina na deni la mtoto wa mwenzake. Jibu lililohifadhiwa lilibeba kuki ya kikao (inayomtambulisha aliyeingia) ya mzazi wa kwanza, na kila aliyefuata akakabidhiwa kikao kile. Dawa ni kuizuia programu isitume kuki kwenye kurasa hizo. Ukilazimika kupuuza heda hiyo, USIKOSE kuweka pia `proxy_hide_header Set-Cookie;`. Kagua na ukurasa wenyewe: kama ukurasa unaandika "Karibu, Asha" juu, au unabeba tokeni ya fomu (msimbo wa siri wa mtu mmoja), usiuhifadhi.

6. Jaribu kwa akaunti mbili, kisha bila akaunti. Jaribio la tatu lazima lipate 401.

MASWALI

chuma_tz: Mkuu nimeweka kache kwenye `location /`, watu wanaona wasifu wa wenzao. Shida nini?

Jibu: Shida ni hiyo `location /`. Zima kache sasa hivi, futa yaliyomo /var/cache/nginx, batilisha vikao vyote. Kisha usome somo kuanzia juu.

kijana_wa_moro: Haifanyi kazi.

Jibu: X-Kache inasema nini? Logi ya makosa je? Bila hivyo siwezi kukusaidia.

binti_seva: Shikamoo kaka. Nimesoma kwamba kache ya pamoja hairuhusiwi kuhifadhi jibu la ombi lenye `Authorization` (heda ya kumtambulisha anayeomba). Nginx inalizingatia hilo?

Jibu: Marahaba dada, umeuliza jambo la msingi. RFC 9111 ya 2022 (kanuni za kache za HTTP) inakataza, isipokuwa seva iruhusu wazi kwa `public`, `s-maxage` au `must-revalidate`. Varnish (programu nyingine ya kache), kwa mipangilio yake ya awali, hailihifadhi. Nginx haiangalii heda hiyo kabisa, ndiyo maana nasisitiza mlinzi. Ukitaka kache ya kila mtu peke yake, mlinzi arudishe heda ya X-Mtu yenye namba ya aliyeingia, halafu:
```
auth_request_set $mtu $upstream_http_x_mtu;
proxy_cache_key "$mtu|$scheme$host$request_uri";
```
Usitumie `$http_x_mtu`. Hiyo hutoka kwa mteja, na yeyote anaweza kuandika namba ya mwenzake.

binti_seva: Ahsante sana. Ila mlinzi akiulizwa kila ombi, si hifadhidata itaelemewa vilevile?

Jibu: Mpe mlinzi naye kache ya sekunde 10, ufunguo wake uwe kuki ya kikao, uhifadhi 200 pekee. Uliyemfungia akaunti ataendelea kuona kwa sekunde hizo; kwa ratiba sawa, kwa malipo hapana. Na kwenye /ratiba/ ongeza `proxy_cache_lock on;`, ili watu 100 wakifika pamoja ukurasa haujahifadhiwa, ombi moja tu liende kwenye programu na wengine wasubiri jibu lake.