Namna ya kufwata misioni za bakubwa wakati banasema tufunge mukaba

Bandugu ba Lubumbashi, tangu vita iingie Goma mu mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wenye ulifwata, kila mukubwa anasema serikali itafunga mukaba, hata bajeti ya 2025 ilirudi Bungeni kurekebishwa mu katikati ya mwaka. Ni sawa. Lakini kusema ni kingine na makuta ni kingine, na misioni, ni kusema safari za kazi zenye serikali inalipa, njo fasi mwananchi anaweza kuanza kupima, juu inahesabika: bantu ngapi, siku ngapi, nani analipa.

Mi nilifanya kazi miaka mingi mu biro moja ya serikali, nilikuwa napiga mashini zile karatasi zenye zinaandikwa juu "ordre de mission", karatasi ya kumutuma mutu mu safari ya kazi. Kulikuwa formasio moja ya siku tatu Kinshasa, asubuhi lisiti ilitoka na majina matano, mangaribi ikarudi kumi na moja, majina ingine imeongezwa pembeni na biki ya bluu, na siku tatu zikakuwa saba. Hakuna mwenye aliuliza. Na ule mwezi siye wenyewe hatukukuwa na karatasi, tulikuwa tunachapa nyuma ya barua za zamani. Iliniuma na inaniuma mpaka leo.

Sasa tuanze. Nunua kaye, ndiyo kaye ya masomo, haina lazima kompyuta. Kila mara unasikia ku redio ao unaona ku televisheni mukubwa ameshuka ku uwanja wa ndege wa Luano ao ameruka kwenda inje, andika: tarehe, jina la kazi yake (waziri, guverneri, mukubwa wa kampuni ya serikali), fasi anaenda, sababu yenye walisema, na siku anarudi. Hesabu bantu benye bako naye, picha za kumupokea zinaonyesha mingi kuliko komunike. Lakini uangalie, mwenye alikuja kumusindikiza ku uwanja wa ndege si mwenye anasafiri, usiandike kitu chenye hukuhakikisha.

Juu ya nini siku? Juu frais ya misioni, makuta ya kula na kulala ya mwenye anasafiri, inalipwa kwa siku. Njo pale makuta inakimbilia, tiketi ya ndege ni mara moja, lakini siku inalipwa kila siku kwa kila mutu. Tufanye hesabu ya mufano tu: bantu 12, siku 7, dola 300 kwa mutu kwa siku, ni dola 25,200. Kata ikuwe bantu 5, siku 4, na dola zilezile 300: ni 6,000. Hakuna mwenye alipunguziwa haki yake ya kila siku, na 19,200 imebakia, kumpala ya kuhesabu hata tiketi moja. Kwa hiyo ukisikia "tumepunguza misioni", uliza paka hivi: mumepunguza safari, ao bantu, ao siku? Na tena uliza nani anaalika, juu kama mwenye kualika analipa hoteli na chakula, serikali haipashwe kulipa ile kitu mara ya pili.

Bengine balishaonyesha namna ya kutangaza hii mambo na hesabu ndani. Nigeria, mwezi wa kwanza 2024, Rais Tinubu alisema delegasio yake ya kwenda inje itoke bantu 50 ikuwe 20, na waziri asiende na zaidi ya bantu 4. Malawi, mwezi wa 11 mwaka 2023, kisha kwacha, makuta yao, kuanguka, Chakwera, rais wa wakati ule, alisimamisha safari za inje, zake mwenyewe na za mawaziri, mpaka mwisho wa mwezi wa tatu 2024, na mawaziri benye balikuwa inje balilombwa warudi. Ile ni tangazo yenye mutu anaweza kufwata, kuko namba na kuko tarehe. Tangazo bila namba, andika mu kaye "bila namba" na uendelee.

Si kila safari ni kuharibu makuta. Ile mapatano yetu na Rwanda ilitiwa sinyatiri Washington tarehe 27 mwezi wa sita 2025, ile kazi haikufanyika ku WhatsApp. Kwa hiyo usihesabu kwa hasira.

Kisha kaye, enda ku bajeti. Wizara ya Bajeti inaweka sheria ya bajeti ku budget.gouv.cd, na pia karatasi zenye wanaita "état de suivi budgétaire", zinaonyesha kila institisio ilipewa ngapi na imeshalipwa ngapi. Mafaili ni mazito, pakua usiku kama konekisio yako ni ya kuhangaika. Ukifungua tafuta neno "mission" na neno "voyage". Angalia asilimia: kama mwezi wa sita institisio iko ku 50 hivi, ni kawaida, kama iko 90, ile swali iko na maana. Na hapa ujue kitu kimoja: makuta ya serikali inapashwa kupita ngazi ine, engagement (kukubali deni), liquidation (kuhakikisha deni), ordonnancement (kuamuru ilipwe), kisha paiement (kulipa), lakini kuko njia ya haraka, "procédure d'urgence", yenye inalipa kwanza na karatasi inafwata nyuma. Safari za gafula zinapenda sana ile njia. Ukiuliza, uliza pia ilipita njia gani.

Kuuliza nani? Kama ni waziri wa Kinshasa, peleka ku depite nasionali wako, Katiba ku artikili 138 inamupa swali ya kuandika, ya mudomo, na hata interpelasio, ni kusema kumwita waziri ajieleze mbele ya Bunge. Kama ni guverneri ao waziri wa Haut-Katanga, ni depite wa provensi. Sesio ya bajeti ku Bunge inaanza tarehe 15 mwezi wa kenda, mupelekee kaye yako kumpala, si kisha.

Na kama depite hakujibu, Katiba ku artikili 27 inakupa petisio, peke yako ao na bengine, mukubwa anapashwa kujibu mu miezi tatu, na hakuna mutu wa kukushitaki juu ya kuiandika. Andika fupi: misioni gani, tarehe gani, bantu ngapi balienda, ililipwa na nini, raporti iko wapi. Hakuna matusi, hakuna "tunasikia kwamba". Chapa kopi mbili, moja inabakia ku resepsio, ya pili wanapiga kashe na tarehe unarudi nayo, usitoke pale bila kashe. Ukiweka tarehe 3 mwezi wa sita, andika mu kaye tarehe 3 mwezi wa kenda, na ile siku asubuhi urudi na ile kopi.