Chama cha historia ya watu wenu: anzieni kwa sanduku la mzee

Hapa Mombasa haipiti muda hujasikia chama kipya cha utamaduni, mara cha taifa moja katika zile Thenashara Taifa za Waswahili wa Mombasa, mara cha Wabajuni, mara Wadigo, na sa hizi Wapemba nao tangu serikali iwatambue 2023 wana hamu kweli na ni haki yao. Vingi vyaanza namna moja: mkutano, uchaguzi, gropu ya WhatsApp, tisheti. Ukirudi baadae gropu imebaki ya Ijumaa Mubarak na matangazo ya viwanja Mtwapa, na ukiuliza "je, mumehifadhi nini?" watu waangaliana.

Sa ushauri wangu ni mugeuze mambo. Anzeni kukusanya hata kabla hamjamchagua mwenyekiti. Mukishakuwa na karatasi na rekodi za wazee kuna kitu cha kulinda na kila mtu akiona, na hata viongozi wakigombana (na watagombana) kazi ipo pale pale.

Wako watu Nigeria waitwa Waurhobo, jimbo la Delta, upande wa Warri na Ughelli kule kwenye mafuta, nawapenda kwa mfano manake walifanya kwa mpango. Tangu 1931 walikuwa na umoja wao, Urhobo Progress Union, wenye matawi miji mingine ya Nigeria kulikokuwa na watu wao, na wakachangishana mpaka wakawasomesha vijana wawili ng'ambo, Ejaife na Igho, ili waje kuendesha skuli yao wenyewe pale Effurun. Huo ni umoja wa maslahi. Mambo ya historia yakaja kupewa chombo chake mbali, Urhobo Historical Society, iliyoanzishwa 1999 na Profesa Peter Ekeh na wenzake, yeye akifundisha chuo kikuu kule Buffalo, Marekani. Kazi yao ikawa kukusanya hati, kufanya makongamano na kuchapisha, na 2007 likatoka buku zito la historia yao. Mumeona hapo, umoja ni mmoja na chama cha historia ni kingine. Sisi twachanganya vyote chungu kimoja, pesa ya matanga, ya harusi, ya skuli na ya utamaduni, sa mtu akifiwa (na watu hufiwa kila wiki) pesa ya kununua hadi diski yaenda kwa sanda na hakuna mtu awezaye kusema la, nani atasema la? Kwa hivyo tangu siku ya kwanza akaunti ya utamaduni iwe mbali na ya kusaidiana. Hilo halina mjadala kwangu.

Usajili usiwatie homa. Njia nyepesi ni kujiandikisha kama kikundi cha jamii chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, mwaenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya sabkaunti yenu, yataka watu wasiopungua kumi, katiba yenu, minitsi za mkutano uliopitisha jambo na orodha ya wanachama na vitambulisho. Njia ya pili ni kwa msajili wa vyama, ile ni ndefu zaidi na kila mwaka mwatakiwa kupeleka ripoti, wengi husahau halafu wakishtuka wameshapigwa barua. Anzeni na ya kwanza. Katiba iwe kurasa chache, na kiwemo kifungu kisemacho chama kikivunjika vitu vyaenda wapi, hicho ndio watu wasahau kuliko vyote.

Haya, sanduku. Kila nyumba ya zamani, iwe Kuze, Kibokoni, Majengo au Jomvu, iko na sanduku au bahasha ya kaki juu ya kabati: cheti cha ndoa cha kadhi, risiti za kodi ya ardhi, picha ya studio ya mtu amevaa koti na kofia ya kiua, barua kutoka Zanzibar, daftari lenye mashairi. Mzee akiwa hai hakuna agusaye. Akishafariki hatari yaingia, manake baada ya arobaini watu wanasafisha chumba, warithi wataka hati ya nyumba pekee, yaliobaki yaenda kwa jalala au yachomwa uani. Kwa hivyo mujuane na familia mapema, mapema sana, na musiombe kupewa. Ombeni kupiga picha hapo hapo nyumbani kwao na wabaki na vitu vyao. Ukisema "tupeni tukahifadhi" wataingiwa na wasiwasi kuwa mwataka kiwanja, na hapa pwani kwa mambo ya ardhi huwezi kuwalaumu.

Kupiga picha ni rahisi, karatasi juu ya meza karibu na dirisha, bila fleshi ya simu, simu isimame sawasawa juu yake, upige na nyuma hata kama hakuna kitu manake mara nyingi kuna jina limeandikwa kwa penseli. Mukipewa karatasi zenyewe toeni pini za stepla na klipu za chuma, kwa hewa yetu hii ya chumvi zashika kutu na kula karatasi. Selotepu marufuku. Na tafadhali musipige laminesheni hati ya zamani, najua yapendeza lakini haitoki tena na ule moto waiharibu. Weka kwenye kabati la chuma lisilogusa ukuta wala sakafu, ndani tia vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya vya kunyonya unyevu, na fungua uangalie mchwa kila mwezi, si kila mwaka.

Kurekodi wazee ndio kazi tamu. Nenda baada ya laasiri mzee ameshapumzika, mpeleke mjukuu wake pamoja nawe. Zima feni, funga redio, simu iwe eropleni modi la sivyo mtu atapiga katikati ya jambo lenyewe. Ukiweza kuchagua WAV (aina ya faili ya sauti isiyobanwa) kwenye programu ya kurekodi chagua hiyo. Mwanzo kabisa sema wewe mwenyewe kwa sauti: tarehe, mahali, jina la anayezungumza na la anayeuliza. Rekodi bila hayo, baada ya miaka ishirini ni sauti ya mzee fulani akikohoa tu.

Usimwambie "mzee tueleze historia yetu", atakupa hotuba ile ile ampayo kila mgeni. Uliza vitu. Nani alikuwa jirani upande wa kushoto? Maji mulichota wapi? Nguo ya harusi ilishonwa na nani? Na miaka usimuulize kwa namba, mpe alama azijuazo. Ilikuwa kabla ya daraja la Nyali la sasa, lile la 1980, ama bado mwavuka kwa lile la kuelea? Bendera nyekundu ya sultani ilikuwa bado yapepea ama tayari uhuru wa 1963? Utaona uso wabadilika, "aa, hapana, daraja jipya lilikuwa bado, manake marehemu mamangu alikuwa aogopa lile la kuelea likicheza", na hapo umepata kipindi na umepata na mamake.

Akinamama: chama cha wanaume watupu kitakosa nusu ya mali. Nyimbo za vugo, na zile pembe za ng'ombe zinavyogongwa kwa vijiti na kila wimbo wapi waingia katika harusi, hayo ni ya kina bibi na hawatakaa mbele ya kijana wa kiume na simu yake. Mrekodi awe mwanamke, na bibi akisema "zima hapo mwanangu" izimwe. Mengine ataimba kwa sharti kuwa yasikike na wanawake pekee, sawa, andikeni sharti hilo kwenye jina la faili lenyewe ili hata yule ajaye baadae alione. Kila anayerekodiwa atie sahihi karatasi fupi ya kukubali, asiyejua kuandika akubali kwa sauti ndani ya rekodi. Kuna sheria ya data ya 2019 na ile ya maarifa ya jadi ya 2016, lakini hata zisingekuwepo ni adabu, huwezi kuchukua sauti ya bibi wa watu ukaitia Tiktok.

Nasaba zitawaletea ugomvi, jitayarisheni. Huyu asema babu yake alikuja kutoka Pate, yule asema huyo alikuwa mtumwa wa nyumba fulani, mwengine ataka jina liongezwe. Chama kisiwe kadhi. Andikeni kila kauli, nani aliisema na lini, basi, musiamue. Na mwaka wa kura akija mheshimiwa na bahasha, pokeeni kwa risiti na musimpe kiti cha ulezi wala mashairi ya wazee ya kupigia kampeni.

Fedha za kawaida zatosha, mchango mdogo wa kila mwezi kwa M-Pesa ya chama (si ya mweka hazina binafsi, jamani), watia sahihi watatu, na hesabu zisomwe mbele ya watu kila robo mwaka. Tisheti mwisho kabisa.

Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye hadi diski, na ya tatu nje kabisa ya nyumba hiyo, Google Drive au kwa ndugu aliyeko Nairobi au Dubai, manake moto au mwizi hachukui kimoja. Mashairi ya Muyaka, yule malenga wa Mombasa, twayo leo kwa kuwa Mwalimu Sikujua aliyakusanya vinywani mwa watu na kuyaandika, karne ya kumi na tisa hiyo, Muyaka mwenyewe alishafariki zamani, na kasisi Taylor alipoyachukua yakaishia maktaba ya chuo cha SOAS, London. Twashukuru yapo, lakini mtoto wa Mombasa akitaka kuziona zile hati kwa macho yake yuataka viza. Kwa hivyo nakala moja ipelekeni hapa hapa, zungumzeni na watu wa makumbusho pale Fort Jesus au RISSEA, ile taasisi ya utafiti wa Uswahili hapa Mombasa, kwa barua isemayo wazi kuwa mali bado ni ya familia na nani aruhusiwa kutumia.

Kitu cha mwisho chaonekana kidogo. Paswadi. Iweni na watu wawili wazijuao, mmoja chini ya miaka thalathini, zimeandikwa kwa mkono ndani ya bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi juu, iko kwa mtu wa tatu asiye kiongozi. Kila uchaguzi ukipita bahasha yafunguliwa, paswadi zabadilishwa mbele ya watu, yafungwa upya. Anayeng'ang'ania kuwa yeye peke yake ndiye ajuaye, mtoeni kwenye kazi hiyo mapema mungali mwaelewana.